Ndevu za Papa na Katuni Isiyoisha

Dada yangu mdogo alichelewa kuolewa karibu mwaka mzima kwa sababu ya katuni ya Kijapani. Nikilisema jambo hili kwenye chumba cha walimu, wenzangu hucheka, halafu wananitaka nieleze, na nikishaeleza wanacheka zaidi. Sisi nyumbani hatukuwa tunacheka. Tulikuwa tunatazama ndevu za Papa, baba yetu, zikirefuka na kuhesabu Jumapili.

Chanzo ni Mama. Alivuka mpaka kwenda Bukavu, Kongo, kwa siku mbili, yeye na mwenzake wa biashara, kupeleka sambaza wakavu, wale dagaa wa ziwani, na kurudi na vitenge. Siku ya pili mpaka ukafungwa kwa sababu ya korona. Siku mbili zikawa wiki, wiki zikawa miezi, na yeye yuko kwa dada yake kule ng'ambo, mahali ambapo ukisimama nyuma ya nyumba yetu hapa Kamembe, Rwanda, unaona mabati yake. Huko huko presha ikampanda, akafa, akazikwa. Papa alihudhuria maziko kwenye simu yangu. Picha ilikuja, ikakatika, ikarudi, halafu ikaganda kwenye kiatu cha mtu, kiatu cheusi cha kamba kilichopigwa rangi vizuri sana. Papa alibaki hapo mpaka mwisho wa ibada, ameshika simu kwa mikono miwili, anatazama kiatu.

Hata kukaa kilio hatukuweza. Kwetu mtu akifa, majirani huleta mabenchi, hukaa na mfiwa siku kadhaa, wanaimba, wanaomba, wanakula, na siku ya mwisho matanga yanaondolewa na mfiwa ananyolewa. Hapo ndipo mnaruhusiwa kupanda mbegu, kuoa, kuoza, na kucheka kwa sauti. Wakati ule kukusanyika kulikatazwa. Papa alikaa sebuleni na sisi mabinti wake wawili tuliovaa barakoa, na hakuna aliyemnyoa.

Marufuku ilipoondolewa, ndugu walikuja kusema tukae sasa, tumalize. Papa akakataa. Walidhani ni uchungu, wakashusha sauti, wakaanza kumwombea. Papa akawakatiza sala katikati.

"Bibi yangu aliniacha katikati ya sinema," akasema, akimaanisha Mama. "Nitaimaliza kwanza. Ikiisha nitakaa kilio, na mutaninyoa."

Ilibidi mimi niwaeleze wageni sinema yenyewe ni ipi, na niliona aibu. Mama alikuwa mpenzi mkubwa wa katuni moja ndefu ya Kijapani. Alianza kuitazama Bukavu pamoja nami nikiwa msichana mdogo. Mimi nilikua nikaiacha, yeye akaendelea. Tuliporudi Rwanda alirudi nayo, kwanza kwenye diski, baadaye kwenye flash anayojaziwa na fundi mmoja wa pale sokoni. Papa wakati huo alikuwa dereva wa lori la simenti kule Muganza, na aliidharau kabisa, mambo ya batoto, alisema. Halafu akawa anasimama mlangoni. Halafu akawa anakaa kwenye mkono wa kiti, kama mtu anayetaka kuondoka sasa hivi. Alipostaafu, wawili hao walikuwa wanatazama sehemu mbili kila Jumapili baada ya ibada, na ole wako uje kusalimia wakati huo.

Asubuhi ile alipovuka, Mama alimnyooshea Papa kidole. Nilikuwepo. "Usiangalie mbele," alimwambia. "Uningojee." Papa akaapa, na akangoja. Hakugusa ile flash hata Mama alipokuwa amekwama kule miezi.

Basi, Papa aliposema ataimaliza halafu atakaa kilio, sisi tulikubali. Tuliona ni jambo dogo, miezi mitatu hivi, na lina heshima fulani ndani yake. Kati yetu sote, watu wazima, wengine na diploma, hakuna aliyeuliza imebaki kiasi gani.

Kazi ya kumsomea iliniangukia mimi. Papa ana mtoto wa jicho, anaona maumbo na rangi tu, na maandishi ya chini yalikuwa ya Kifaransa. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa. Jumatatu hadi Ijumaa nasahihisha insha, na Jumapili saa tisa mchana nakaa kwenye kigoda kando ya televisheni kumtafsiria baba yangu hadithi ya kijana mwenye kengele.

Nitaieleza yote hapa, haichukui muda. Kijana ana kengele shingoni aliyopewa na mama yake. Mtu mwenye kinyago cha mti alichoma kijiji chao. Kijana anataka kufika kwenye mlima fulani na kupiga kengele kubwa iliyo huko juu. Alianza safari nikiwa darasa la tano. Mpaka leo nina mvi mbili tatu na hajafika. Kila sehemu inaanza kwa kurudia kilichotokea sehemu iliyopita, kana kwamba sisi ni wagonjwa wa kusahau. Halafu anatokea adui. Kijana anapigwa, anaanguka, anamkumbuka mama yake ameinama kwenye theluji akimvisha kengele, picha ile ile, theluji ile ile. Anainuka, anapiga kelele, anashinda. Adui analia na kusimulia utoto wake, wanakuwa marafiki. Kisha kwenye ukingo wa kilima anaonekana adui mwingine, nywele zinapepea, na wimbo unaanza.

Kelele zile ndizo zilinivunja moyo.

"Anasema nini?" Papa aliniuliza Jumapili ya kwanza.

"Anapiga kelele, Papa."

"Kelele gani?"

"Aaa."

"Sema vizuri. Mama yako alikuwaka anasema yote."

Nikasema. Nimevaa blauzi ya kanisani, nina miaka arobaini na kitu, madirisha yako wazi, nikapaza sauti "Aaaaa!" mpaka mbuzi wa jirani akajibu. Papa akatikisa kichwa kwa kuridhika. Tangu siku hiyo sikuruhusiwa kuruka kelele hata moja.

Usidhani Papa alikuwa anaipenda. Aliichukia kuliko mimi. Kila kijana alipoanguka chini na theluji ikaanza kushuka, Papa alikuwa anapiga goti lake kwa kiganja. "Tena! Theluji tena! Hii mutoto hana kumbukumbu ingine? Mama yake hakumupikia hata siku moja?" Siku moja alisema kwa uchungu kabisa, "Mimi nilibeba simenti miaka makumi mbili, barabara moja ile ile, kona zile zile. Lakini simenti ilikuwa inafika." Jibu la hilo nadhani hata walioichora ile katuni hawana.

Tulikuwa na mtazamaji mwingine, maman wa sambaza. Huyu ndiye mwenzake Mama wa biashara, mama kutoka Nkanka, mwenye mabega mapana na sauti ya kuita wateja. Alikwama Bukavu pamoja na Mama, wakilala chumba kimoja, na ndiye aliyemfumba Mama macho. Mpaka ulipofunguliwa akarudi peke yake. Kila Jumapili alikuja na kifurushi chake cha sambaza, akakaa kwenye kochi mkabala na Papa, akatazama kwa makini. Alikuwa na tabia moja ya ajabu. Alishtuka mapema. Alishika mdomo kabla ngumi haijarushwa, na alisema "Mawa!", yaani masikini, kabla mtu hajafa. Mimi nilidhani ni moyo mwepesi.

Miaka ikapita namna hiyo. Ndevu za Papa zilishuka zikafika kifungo cha pili cha shati, nyeupe katikati na kijivu pembeni. Watoto wa mtaani walianza kumwita nabii. Kanisani wageni walimpisha kiti cha mbele.

Ndipo dada yangu akapata mchumba, fundi umeme, kijana mpole wa Nyakarenzo. Wakwe walikuja kwa adabu, kreti mbili za fanta na msemaji wao, mzee mmoja baba mkubwa wa bwana harusi, mkulima wa ndizi na maharage, aliyevaa koti zito bila kujali jua. Papa aliwapokea vizuri. Mahari walielewana upesi. Ikafika swali la siku ya harusi, na Papa akashika ndevu zake.

"Nyumba hii haijaondoa matanga," akasema. "Sitoe mutoto mu nyumba ya kilio."

Mzee wa Nyakarenzo akainamisha kichwa. Hilo alilielewa, kwao ni vile vile. Akauliza kwa heshima matanga yataondolewa lini.

"Sinema ikiisha."

Wakwe wakatazamana. Nikaeleza tena, nikitazama chupa za fanta. Mzee yule hakucheka hata kidogo, na kwa hilo nampenda hadi leo. Aliuliza swali ambalo sisi wenyewe tulipaswa kuuliza mwanzo kabisa.

"Na imebaki ngapi?"

Nilitoa simu nikatafuta. Nilitafuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana jibu nilikuwa nimeshaliona.

"Bado wanaitengeneza," nikasema. "Kila wiki wanaongeza moja."

Sisi tulikuwa tunatazama mbili kwa wiki na tulikuwa nyuma kwa mamia. Dada yangu aliyekuwa anapita na sinia ya vikombe aligeuka akarudi jikoni na sinia yake. Papa alibaki ameshika ndevu. Nilimwona anaelewa, na nilimwona anakataa kuelewa. "Nimesema ikiisha," akarudia, taratibu, na hapo mazungumzo ya siku ile yakafungwa.

Wiki tatu baadaye mzee wa Nyakarenzo alirudi peke yake. Nilifikiri amekuja kuvunja uchumba. Kumbe alikuwa amekwenda kwa yule fundi wa sokoni, akajaziwa katuni yote kwenye flash, akaanza kuitazama mwanzo kwa mpwa wake mwenye televisheni, ili ajue, alivyosema, wanangoja kitu gani. Alikaa bila kuvua koti. Macho yalikuwa mekundu.

"Maman," akaniambia, "hii mutoto anapigwaka kila siku, na hajifunze kuinama. Juu ya nini hainami?"

"Sijui, Mzee."

"Na ule mulima. Niliangalia vizuri. Iko mahali moja. Bao ndio banazunguka."

Tangu hapo alikuja kila Jumapili. Alikuja kupima, kama mtu anayekwenda kuona shamba limefika wapi. Yeye na Papa waliunganishwa na hasira. Walipiga magoti yao pamoja theluji ilipoanza. Mzee wa Nyakarenzo alipendekeza, kwa dhati, kwamba tuwaandikie hao Wajapani barua, tuwaeleze kuna msichana hapa anazeeka. Dada yangu alikuwa na miaka ishirini na saba.

Siku moja nilikosea. Niliweka sehemu tuliyokwisha kuitazama mwezi uliopita. Nilitambua dakika ya kumi hivi, nikasubiri mtu alalamike. Hakuna. Papa alikasirika mahali pale pale alipokasirika mwezi uliopita, kwa maneno yale yale. Mzee wa Nyakarenzo aliuliza swali lile lile kuhusu kuinama. Maman wa sambaza peke yake ndiye aliyenitazama, akainua nyusi, akarudisha macho kwenye televisheni.

Jikoni nilimsimulia dada yangu, nikidhani atacheka. Akaweka kisu chini.

"Wewe ndio unasoma," akasema. "Papa anasikia tu kinywa yako. Uimalize."

"Nimalize nini?"

"Sinema. Sema imeisha. Mimi nitafia hapa, dada. Nitazikwa na hiyo kengele."

Nilimwambia ni dhambi. Nilimwambia Papa ameapa kwa Mama, na kiapo si kitu cha kuchezea. Nikamwambia na mengine mengi mazuri. Jumapili iliyofuata nikaruka sehemu mia moja na kumi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali, nimeandika hata majibu nyuma ya daftari la mahudhurio. Swali lilikuja moja tu.

"Sauti ya mutoto imekuwa nzito," Papa akasema.

"Ana mafua, Papa."

"Pole yake," akasema mzee wa Nyakarenzo.

Ndivyo ilivyokuwa. Sehemu mia na kumi za jasho la watu, na mafua yakatosha kuziba pengo lote. Nilijisikia vibaya, halafu nikajisikia na hasira kubwa, maana nilikumbuka Jumapili zote nilizopiga kelele za aaa madirisha yakiwa wazi.

Nilitafuta mahali pa kumalizia kwa wiki nzima. Hapakuwa na mwisho wa kweli, lakini katuni ile ina desturi ya kujifanya inaisha kila baada ya muda. Nikapata sehemu nzuri. Kijana ameacha njia ya mlima amerudi kijijini, kijiji kimejengwa upya, kuna moshi wa jikoni. Anavua kengele na kuitundika mlangoni. Anakaa, anakula bakuli la wali. Muziki wa polepole, jua, wimbo wa mwisho. Niliitazama mpaka wimbo ulipoanza, nikaona inafaa, nikazima, nikaenda kulala nimetulia. Kosa langu ni hilo. Mtu aliyeifuata ile katuni tangu darasa la tano alipaswa kujua kwamba baada ya wimbo huwa kuna kipande.

Jumapili yenyewe dada yangu alivaa gauni lake zuri. Mzee wa Nyakarenzo alikuwepo na koti lake, maman wa sambaza na kifurushi chake. Nilisoma vizuri siku hiyo kuliko siku zote. Kijana alikula, muziki ukapanda.

"Na hapo ndipo hadithi ilipoishia," nikasema. "Imeisha, Papa."

Dada yangu alipiga makofi, mapema mno. Mzee wa Nyakarenzo alivua kofia. Uso wa Papa ulikuwa umeanza kulegea, midomo inatafuta neno, mkono umepanda taratibu kwenye ndevu. Wimbo ulikuwa unaelekea mwisho. Nilinyoosha mkono kuzima, na nikamwona maman wa sambaza ameshika mdomo kwa viganja viwili.

Ko, ko, ko.

"Nani anabisha?" Papa akauliza.

Sote tulitazama mlango wetu. Mzee wa Nyakarenzo, kwa adabu zake, aliinuka akaenda kuufungua. Nje hapakuwa na mtu, kuku tu.

Ko, ko, ko.

"Iko mu televizio," Papa akasema.

Kwenye kioo kijana alikuwa ameacha kula, anatazama mlango wake, na kivuli cha mtu kimesimama chini yake.

"Ulisema imeisha."

"Papa..."

"Ulisema imeisha! Unadanganya kipofu? Mwalimu muzima? Ni kwa hii nililipa masomo?" Alikuwa amesimama, fimbo mkononi, anageuza kichwa kunitafuta. "Nilimuapia mama yako! Kitu kimoja tu aliniomba, nimungojee!"

Nilianza kulia, dada yangu naye akaanza, na mzee wa Nyakarenzo bado amesimama mlangoni ameshika kitasa, hajui atoke au aingie. Katikati ya hayo maman wa sambaza alikuwa anatikisika kwenye kochi. Nilidhani analia. Alipoondoa viganja nikaona kwamba anacheka pia, vyote viwili kwa pamoja, na machozi yanamtiririka.

"Hapa," akasema. "Mungu wangu, ndio hapa kabisa. Mzee, ukae. Ukae, nikuambie. Aliniapisha juu ya Biblia, lakini nimechoka kubeba."

Papa hakukaa.

"Bibi yako hakukungojea," akasema maman wa sambaza. "Tulikuwa tunafungiwa mu nyumba, Mzee, asubuhi mpaka magaribi. Batoto ba dada yake balikuwa nayo yote. Siku ya kwanza alikataa. Siku ya pili alisema, moja tu. Tuliangalia mpaka hapa. Yote. Aliniambia, usimuambie bwana yangu, atakasirika."

Sikuwahi kuona uso wa mtu ukipita mambo mengi hivyo kwa muda mfupi. Kwanza hakuamini. Halafu, nasema kweli, aliona wivu.

"Aliangalia mbele?"

"Aliangalia."

"Ngapi kwa siku?"

"Sita," akasema maman wa sambaza. Akafikiri. "Siku zingine munane."

"Munane!" Papa akapiga fimbo sakafuni. "Na mimi niko hapa nangojea! Sikugusa hata moja! Munane!"

Alimgombeza Mama pale, marehemu, kwa sauti, kama vile yuko chumba cha pili anakunja nguo. Alimwambia yeye ndiye aliyeweka sheria. Alimwambia hata pipi watu wa nyumba moja wanagawana. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Alipoishiwa pumzi alikaa, na akauliza kwa sauti nyingine, ndogo.

"Na hapa? Hapa ulisema ni hapa. Ni nini ilikuwa hapa?"

Maman wa sambaza alifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Hapa mutoto alirudi kwao, akakula. Bibi yako alifurahi, Mzee. Alisema, bon, sasa imekuwa muzuri. Kisha ile ko ko ko. Akasema, 'Mumuambie hatuko. Mulete chayi.' Akazima. Batoto bakalia, yeye akasema, amefika, amekula, munataka nini tena? Hakuwasha tena hata siku moja. Hiyo ilikuwa Jumanne. Presha ilimupanda Ijumaa."

Televisheni ilikuwa bado inawaka. Kijana alikuwa amekaribia mlango, mkono uko kwenye kengele, na yule wa nje akabisha mara ya tatu, kwa nguvu. Papa alisikiliza. Alikuwa ameelekeza uso kule mwanga unakotoka.

"Mumuambie hatuko," akasema.

Nikazima.

"Mulete chayi."

Dada yangu akaenda kuweka maji. Na Papa akalia. Alilia kilio cha msiba, kwa sauti nzima, bila kujificha, akimwita Mama kwa jina ambalo hatukuwahi kumsikia akilitumia mbele yetu. Nilifurahi na niliumia, na sitajaribu kutenganisha viwili hivyo. Nilipiga magoti nikamshika miguu. Maman wa sambaza akaanzisha wimbo wa maziko, ile sauti yake ya sokoni ikajaza nyumba ikatoka nje.

Majirani walisikia. Ilikuwa mchana, Jumapili, kila mtu yuko nyumbani. Wakaja mbio, wanawake wakijifunga vitenge njiani. Mama wa nyumba ya tatu aliingia wa kwanza, mkono kifuani.

"Yesu wangu, ni nani amekufa?"

"Mama," nikasema.

Akanitazama. Alimjua Mama, alimuuzia mkaa miaka mingi. "Mama yupi?"

"Mama yetu."

"Lakini yeye..." Akahesabu kimoyomoyo. Wengine nyuma yake wakatazamana. Nilijua tunaonekana wendawazimu, mkwe wetu ameshika kitasa, gauni la sherehe jikoni, mzee mwenye ndevu za nabii analia msiba wa miaka minne. Sikuwa na nguvu ya kueleza katuni tena.

Mama wa nyumba ya tatu hakuuliza zaidi. Alitoka, nikadhani amekwenda zake. Baada ya dakika tano alirudi na mumewe, wamebeba benchi.

Walikaa siku nne. Siku ya nne matanga yaliondolewa na Papa akanyolewa uani, beseni la maji magotini. Chini ya ndevu kulikuwa na kidevu kidogo ambacho nilikuwa nimekisahau. Dada yangu alifagia nywele zile mwenyewe. Siku ya harusi ilipangwa hapo hapo, kabla beseni halijamwagwa.

Mzee wa Nyakarenzo alikuwepo. Alizunguka zunguka, akavua koti kwa mara ya kwanza tangu tumjue, mwishowe akavuta kiti karibu na Papa. Alikuwa ameendelea kuitazama ile katuni zile siku nne, akiwa kwao, hakuweza kujizuia.

"Mzee," akamnong'oneza, "niliona nani alikuwa anabisha."

Papa alikuwa anapapasa kidevu chake, upande huu na upande ule.

"Mumuambie hatuko," akasema.